Sare ya shule si kibali cha kupiga picha

Nenda kamwandikishe mtoto shule binafsi hapa Dar, utapewa fomu ya kujiunga inayokueleza kila kitu: rangi ya soksi, idadi ya madaftari makubwa, limu ya karatasi, awamu za kulipa ada na faini ya kuchelewa. Sasa tafuta humo sentensi inayosema picha za mwanao zitapigwa na nani na zitawekwa wapi. Fomu nyingi nilizoziona hazina. Chache zilizo nayo zimeichomeka mwishoni kwa maandishi ya kusomea miwani, ukishasaini kupokea nafasi umesaini na picha humo humo. Ndiyo maana nasema kila shule iwe na mwongozo wa kupiga na kuchapisha picha za watoto.

Januari ikifika, kurasa za shule za Instagram na TikTok zinafurika. Kuna aina moja ya video siku hizi haikosi. Mtoto wa darasa la awali, siku yake ya kwanza, analia getini huku kang'ang'ania gauni la mama yake. Kamera imemsogelea mpaka kamasi zinaonekana. Jina lake limedariziwa kwenye sweta. Nyuma yake limeegeshwa gari la shule, ubavuni limeandikwa Tabata, Segerea, Kinyerezi. Chini ya video kuna vikatuni vya kucheka, na namba ya kupiga kwa anayetaka nafasi zilizobaki. Mtu asiyemjua kabisa mtoto huyu ameshapata jina, sura, shule na njia anayorudia nyumbani. Na mtoto mwenyewe akifika darasa la sita, wenzake wataifukua tu video hiyo. Watoto wa mjini hawashindwi.

Wanaoposti si watu wabaya. Mara nyingi ni mwalimu wa chekechea aliyekabidhiwa ukurasa kwa kuwa yeye ndiye kijana na simu yake inapiga picha nzuri. Simu yake, siyo ya shule, na hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Picha inaingia kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, mzazi mmoja anaiweka statasi, shangazi wa mtu anaihifadhi. Mwakani mwalimu anapata ajira serikalini, anaondoka na picha za watoto wa watu mfukoni. Kwa hiyo mwongozo usiogusa simu ni maneno matupu. Shule inunue simu yake, ikae ofisini, picha zipigwe kwa hiyo peke yake. Shule iliyomudu kununua basi haiwezi kulia kwamba simu ni ghali.

Sheria tunazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Sheria hiyo inaweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na hizo msingi wake ni ridhaa ya maandishi. Na mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni yeyote aliye chini ya miaka 18, hata awe ameshaanza kuota ndevu. Mimi si mwanasheria, lakini ridhaa ninayoielewa ni karatasi inayojitegemea, inayosainiwa upya kila mwaka, na mzazi akisema hapana mtoto asinyimwe nafasi wala asisimamishwe pembeni peke yake wenzake wakipiga picha ya mahafali. Apigwe nao, hiyo picha ibaki kwenye albamu ya shule.

Wenye shule wanasema bila matangazo hawapati wanafunzi. Nawaelewa, ushindani wa kule Goba na Kimara si mchezo, na sisi wazazi ndio tunaochungulia ukurasa kabla ya kuuliza habari za walimu. Lakini Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, na shule hazikufungwa. Matokeo ya kidato cha nne yanatolewa kwa namba za mtihani. Baraza linatumia namba, halafu shule yenyewe inachapa bango lenye sura ya mtoto, majina matatu na alama zake! Waonyeshe maabara, maktaba, michoro ya watoto, daftari lililosahihishwa vizuri. Video ya ziara ya Bagamoyo iwekwe watoto wakisharudi kwao, siyo wakiwa bado njiani.

Kuna mambo ya kutochapisha kabisa, hayahitaji hata kikao: orodha ya wadaiwa ada kwenye grupu, mtoto anayeadhibiwa, mtoto mgonjwa, na yule anayeshikishwa bango la kumshukuru mfadhili aliyemletea viatu. Huyo wa viatu ndiye ananiuma zaidi, kwa sababu hana mzazi wa kuja juu.

Ila nina hofu moja. Mwaka 2016 kule Mbeya, mwanafunzi alipigwa na walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, na ni video iliyosambaa ndiyo iliyofanya Serikali ichukue hatua haraka. Mkuu wa shule mjanja anaweza kuugeuza mwongozo wa picha kuwa kufuli la kufungia maovu. Iandikwe wazi kwamba mwongozo unahusu kinachochapishwa, na kwamba mwenye ushahidi wa mtoto kuumizwa anaupeleka polisi au ustawi wa jamii bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwenye vikao vya wazazi ajenda ni zile zile, ada, chakula na usafiri. Kikao kijacho naomba iongezwe ya picha, na naomba iwe ya kwanza, maana soda zikishagawiwa hapabaki mtu.