Chungu Changu Kilivyosema Paa!

Bibi alinipa udongo nifinyange chungu changu cha kwanza, nami nikaona kazi ndogo. Kumbe kuukanda tu ni jasho la saa nzima: unapiga, unakunja, unakanda tena, mpaka hewa yote itoke. Ndani yake alikuwa amechanganya vigae vilivyotwangwa, ili chungu kisipasuke kikikutana na moto. Nikaviringisha kamba za udongo nene kama kidole gumba, nikazizungusha moja juu ya nyingine, nikaziba viungo kwa maji. Maji mengi. Chungu kikainama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

"Kiache kivulini wiki mbili," Bibi akasema.

Siku ya nne nikakipapasa kwa nje: kikavu! Bibi akakitwaa, akakiweka shavuni. "Bado baridi, mjukuu wangu. Kina maji." Na mimi nikakijaribu shavuni. Kweli kilikuwa baridi, ila nikajiambia ni baridi ya asubuhi.

Kesho yake Bibi akapanga vyungu vyake saba, akavizungushia kuni na nyasi. Alipoingia ndani kufuata kiberiti, nikakipenyeza changu. Katikati kabisa, penye moto mwingi, maana nilikitakia mema.

Dakika kumi hazikupita. Paa! Nikajikuta kifudifudi nyuma ya pipa, na nilivyofika huko sijui hadi leo. Yale maji yaliyojificha udongoni yaligeuka mvuke, yakakosa mlango, yakajitengenezea. Kuku wakatawanyika. Bibi hata hakugeuka.

"Hicho si changu," akasema.

Moto ulipozima, vyungu vyake viwili vilikuwa vimetobolewa ubavuni. Vipande vyangu vilivyobaki kwenye makaa viliiva vizuri ajabu, vyekundu kabisa, tatizo havikuwa chungu tena. Usiku ule Bibi alinipakulia kwenye kigae. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini nadhani walimsema anayeijua kazi.

Asubuhi akanipa kinu na mchi. "Twanga." Nikakitwanga chungu changu mpaka kikawa changarawe, naye akaimwaga kwenye udongo mpya.

Chungu kilichotoka humo kiko jikoni mpaka leo, kimenyooka. Mgeni akikisifu, Bibi hunisonta kidole: "Na huyu naye yumo. Kidogo kidogo."