Kubeba Usichokiona: Blokcheni, Sheria na Kompyuta ya Kijana wa Himbi

Mwenye USDT (dola za kidijitali) mbili tatu kwenye simu pale Birere anaweza kuacha kusoma hapa na kulala usingizi wake. Simu yake haina blokcheni ndani, yaani daftari la pamoja la miamala yote. Ina funguo tu, na programu inayoziuliza kompyuta za wengine huko mbali nani ana kiasi gani. Suala hili linamhusu mtu wa aina nyingine, na Goma inao wachache: yule anayeiacha kompyuta iwake usiku na mchana kama nodi ya Bitcoin, akitunza nakala ya daftari lote tangu ukurasa wa kwanza. Rafiki yangu wa Himbi ni mmoja wao. Juzi aliniuliza: "Kaka, kama mtu ameingiza picha chafu ndani ya daftari hili, na daftari liko kwangu, mbele ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) mimi ni nani?"

Nilianza kwa kucheka, kisha nikaacha.

Maana daftari hilo halibebi hesabu za pesa peke yake. Bloki ya kwanza kabisa, yaani ukurasa wake wa kwanza, ya tarehe 3 Januari 2009, ilikuja tayari na maneno ndani yake: kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London kuhusu serikali kuyaokoa mabenki mara ya pili. Tangu hapo watu wameingiza sala, salamu za mapenzi, hata picha ya Nelson Mandela. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Aachen na Frankfurt, Ujerumani, waliupekua mnyororo wa Bitcoin, yaani daftari hilo la bloki, wakakuta faili zipatazo 1,600. Nyingi hazina neno. Lakini moja ilidhaniwa kuwa picha ya mtoto anayedhalilishwa, na humo humo mlikuwa na viungo vya mtandaoni 274 vinavyompeleka mtu kwenye uchafu wa namna hiyo. Mapema 2019 mnyororo mwingine, Bitcoin SV, nao uliingiziwa picha za watoto za aina hiyo.

Na hakuna wa kuzifuta. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002 ilikuja kupasuliwa kwa nyundo, leo ndiyo mawe ya nyumba zetu. Hii haipasuki. Kila bloki hubeba alama iliyokokotolewa kutoka bloki iliyoitangulia. Ukibadilisha herufi moja ya zamani, alama zote zinazofuata zinakataa, na maelfu ya nodi duniani wanakuona wewe ndiye mwongo.

Siku saba baada ya bloki ile ya kwanza, tarehe 10 Januari 2009, Kongo ilipata sheria ya kumlinda mtoto. Inaadhibu kutengeneza na kusambaza picha chafu za watoto, na pia kuwa nazo. Neno hilo la mwisho ndilo linalomnyima rafiki yangu usingizi. Nodi yake haikai na nakala tu: nodi nyingine ikiomba bloki, inaipa. Avoka (wakili) mkali anaweza kusema huyu anazo, na tena anazigawa.

Wapo wanaojibu haraka kwamba ndani ya diski hamna picha, mna namba tu. Jibu hilo silipendi. Picha ya harusi yako ndani ya simu nayo ni namba tu, na hakuna anayesema huna picha ya harusi. Zaidi ya hapo, mtoto aliyepigwa picha ile si namba. Yuko mahali fulani, anakua, na kila nakala inayoongezeka ni mtu mwingine anayeweza kumtazama. Katika mji ambapo picha za wanawake waliobakwa na za maiti huruka kutoka WhatsApp moja hadi nyingine kabla familia haijapewa habari, sihitaji kueleza sana.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko hiyo ya namba, nayo ni kujua. Dereva wa Fuso anayeteremka na magunia mia ya makala, yaani makaa, moja limefichwa bangi bila yeye kuambiwa, hatumwiti muuza bangi. Sheria za Marekani kuhusu picha hizi zinadai mtu awe nazo hali akijua. Uingereza, sheria ya 1988 inampa mshtakiwa nafasi ya kujitetea akithibitisha kwamba hakuiona picha, hakujua, wala hakuwa na sababu ya kushuku.

Maneno hayo ya mwisho, "sababu ya kushuku", ndipo penye miiba. Baada ya utafiti wa 2018, mwenye nodi aliyesoma habari hawezi kusema hajawahi kusikia. Dereva wetu sasa ameambiwa: kati ya magunia haya, moja lina kitu, ila hatukwambii lipi. Je, anajua? Kwa maoni yangu, hapana, bado. Kujua kwamba soko lina wezi si sawa na kumjua mwizi. Lakini ukishaonyeshwa muamala wenyewe, au ukachukua programu ya kufungulia picha ukaitazama, umevuka mto. Kutoka hapo usiniambie habari za teknolojia.

Sheria ya Ulaya kuhusu wanaohifadhi data za wengine, ile ya mwaka 2000 na sasa ya 2022, inafuata njia hiyo hiyo: huna hatia mpaka ujue, na ukijua, ondoa upesi. Wenye nodi hujibu kwamba kuondoa haiwezekani. Hapo wanapunguza ukweli. Tangu 2015 programu ya Bitcoin Core inamruhusu mtu azikague bloki zote, kisha atupe za zamani na kubaki na megabaiti 550 hivi. Pesa zake zinabaki salama, ukaguzi wake unabaki kamili. Anachopoteza ni uwezo wa kuwapa wengine historia. Gharama yake ipo, kwa sababu wote wakifanya hivyo, mgeni hatapata pa kuanzia. Lazima wawepo wachache wa kutunza yote, na hao ndio sheria inapaswa kuwafikiria.

Ugomvi huu uliwaka upya 2025. Bitcoin Core toleo la 30, la Oktoba, lilifungua nafasi ya kuweka data ndani ya muamala kutoka baiti 80 hivi hadi 100,000, na waliokasirika walihamia programu nyingine, Knots. Watetezi wanasema mlango wa nyuma ulikuwa wazi zamani: tangu Ordinals, njia ya kuambatanisha picha na muamala, ilipoanza Januari 2023, mtu ameweza kuingiza picha inayokaribia megabaiti 4. Ni kweli. Ila wapinzani nao wana neno: vipande vya picha vilivyojificha kama anwani za pesa ni rahisi kumweleza hakimu, picha nzima iliyolala mahali palipotengwa kwa ajili ya data ni ngumu zaidi.

Kuna jina linalochanganya watu hapa kwetu: mchimbaji, yaani mwenye mashine zinazoshindana kukokotoa bloki mpya. Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji pale Luviro mwaka 2020, na nimesikia mtu akisema basi mashine zile zimejaa uchafu wote huo. Hapana. Mashine ya kuchimba hupiga hesabu tu, daftari hailibebi.

Lingine ni gumu zaidi. Aprili 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking aliandika barua ya wazi kuhusu kesi ya zamani ya ubakaji chuoni. Ilipokuwa ikifutwa mitandaoni China, mtu aliiingiza ndani ya Ethereum, mnyororo mwingine, na ipo hadi leo. Ugumu ule ule wa kufuta unaomwumiza mtoto ndio uliookoa barua. Sisi tulio Goma, ambako tangu mwisho wa Januari 2025 amri inatoka kwa kundi lenye silaha la AFC/M23 na sheria zimeandikwa Kinshasa, tunafahamu kwamba "maudhui haramu" hutegemea nani ameshika mhuri. Kwa hiyo nikisikia mtu anataka kitufe cha kufutia, nauliza kwanza kidole ni cha nani. Kwa picha za watoto siulizi.

Kwa rafiki yangu, hofu yangu si hukumu. Ni siku ile OPJ, polisi mpelelezi, atakapochukua kompyuta kwa sababu nyingine kabisa, aone gigabaiti zaidi ya mia sita za kitu asichokielewa. Bitcoin Core toleo la 28, la 2024, lilianza kuzivuruga faili za bloki kwenye diski ili programu za kuwinda virusi zisipige kelele bure. Kwa kompyuta inasaidia. Kwa mpelelezi, faili zilizovurugwa zinafanana na za mtu anayeficha.

Nilimwambia apunguze, abaki na zile megabaiti 550. Amekubali, ila anataka kwanza nakala kamili iende kwa mtu mwingine. Ameniuliza kama diski yangu ina nafasi.