Wasioalikwa Ndio Wanaostawi

Hebu nisaidieni, jamani. Kwa nini kwenye tangi la samaki kila nilichokinunua kwa pesa yangu kinapauka, kinakonda na kufa, halafu kile ambacho sikukinunua, sikukialika, wala sijui kimepitia mlango gani, kinanenepa? Mmea nimeuchagua mwenyewe. Nimeupakata njia nzima. Nimeupandikiza kwenye changarawe iliyooshwa mpaka mgongo ukalia, nikauwashia taa, nikauwekea mbolea. Wiki ya pili majani yanayeyuka. Sikusema yananyauka, nimesema yanayeyuka! Unashika jani, unabaki na ute kwenye vidole. Na pembeni yake, kwenye kioo, kuna kitu cha kijani kisicho na mizizi wala bei, na kina afya kunishinda mimi mwenye nyumba.

Nikauliza wajuzi. Wakacheka. "Aa, Cryptocoryne ndivyo ilivyo hiyo. Ukiihamisha inasusa. Inatupa majani yote, ila ukiivumilia itaota mengine." Inasusa! Mimi nikisusa chakula humu ndani sahani inaondolewa mezani na maisha yanaendelea, leo nikaubembeleze mmea?

Na usidhani ni huo peke yake. Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi hukuzwa kwenye mabanda majani yakiwa hewani, mizizi tu ndiyo inayolowa, maana huko juu hewa ya ukaa ni tele na mmea unakua haraka. Ukija kuuzamisha kwako, yale majani ya hewani hayawezi kazi ya majini. Yanaoza, na mmea unaanza kutengeneza mengine kwa akiba ya mzizi. Kwa maneno mengine, muuzaji anaponifungia ule mkungu wa kijani unaong'aa anajua kabisa kwamba ananiuzia majani ya kutupa. Si angeniuzia mzizi mtupu, tukagawana hasara?

Wa pekee aliyekubali kuishi kwangu ni mmea uitwao Anubias. Huyo hafi. Mweke kivulini, msahau, yupo tu. Lakini naye ana masharti: lile shina lake nene linalolala usilifukie, litaoza. Mfunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, mizizi itashika yenyewe. Na ule mmea unaoitwa Java fern nao ni vivyo hivyo, hautaki kufukiwa. Sasa mnaona mambo? Nimenunua mfuko mzima wa udongo maalumu wa kupandia majini, na walionikubali ni wale wasiotaka udongo.

Halafu Anubias anavyokua taratibu! Jani moja linakunjuka polepole mpaka unakata tamaa, na likimaliza kukunjuka mwani umeshafika, umekaa, umeota ndevu. Nazungumzia ndevu kwelikweli. Upo mwani mweusi unaoota manyoya kwenye kingo za majani, ukiuvuta unakuja na jani lake. Wataalamu wanauweka kwenye ukoo wa mwani mwekundu. Mweusi, ila ni mwekundu. Upo wa kahawia unaovamia tangi jipya, huo angalau ukiupangusa unatoka. Upo wa vidoti vya kijani kwenye kioo, huo mpaka wembe. Na upo ule utando wa kijani cha bluu unaoteleza na kunuka, ambao baada ya kuupa jina la mwani na kuupigia kelele muda wote huo nikaambiwa si mwani hata kidogo, ni bakteria. Yaani hata kwenye uvamizi kuna wanaojifanya wengine.

Ukiuliza dawa, utakoma. Huyu anasema punguza mbolea. Yule anasema ongeza mbolea, mimea yako ina njaa ndiyo maana mwani unaipiku. Wa tatu anasema taa imezidi, iwake kwa jumla ya saa sita mpaka nane tu kwa siku. Wa nne anasema taa haina kosa, hewa ya ukaa ndiyo haitoshi, nunua mtungi. Nimewasikiliza wote, na cha ajabu wote wako sawa, maana inategemea tangi. Jibu la "inategemea" ndilo linalonimaliza. Nikanunua kiwashio cha saa ili taa izime yenyewe. Sasa wageni wakija jioni wanakuta giza, na mama watoto ananiuliza mbele yao, "Mume wangu, hili pambo lako ni la mchana tu?"

Kama kuna mtu wa kumlalamikia, mimi namlalamikia Takashi Amano. Mjapani huyo, aliyezaliwa 1954 na kufariki 2015, alikuwa mpiga picha, akaona mandhari ya milima na misitu haimtoshi huko nje, akaanza kuipanga ndani ya kioo. Mawe yamesimama, nyasi fupi zimetanda chini, samaki wanapita juu kwa kundi. Tangu 2001 kuna hata shindano la dunia la mambo hayo, watu wanatuma picha. Picha! Hapo ndipo penye siri. Picha inapigwa siku ile moja ambayo kila jani limekubaliana na mwenzake. Hakuna anayetuma picha ya Jumanne ya kawaida, mkono mzima umezama kwenye maji, mkasi umedondoka chini, na ile nyasi uliyoipanda kwa kibanio, kichipukizi kwa kichipukizi, inaelea yote juu kwa sababu samaki wa sakafuni alikuwa anatafuta chakula chake.

Amano huyohuyo ndiye aliyewapa umaarufu uduvi wanaokula mwani, nao wakapewa jina lake. Nikanunua. Siwezi kusema uongo, siku za mwanzo walifanya kazi. Kisha wakagundua kwamba kuna chakula cha samaki kinashuka kutoka juu kila asubuhi. Tangu hapo, mwani wanauangalia tu. Uduvi mmoja anaruka, anabeba punje kubwa kuliko kichwa chake, anakimbia nayo nyuma ya gogo, na samaki mzima anabaki anashangaa. Nikasema basi, wazaliane, wakiwa wengi njaa itawarudisha kazini. Wapi! Watoto wao wakianguliwa wanahitaji maji yenye chumvi ndipo wakue. Kiumbe mmoja ninayemtaka azae humu ndani, ndiye anayedai bahari.

Lakini gapi, wale samaki wangu wadogo ambao sikuwahi kuwaomba mtoto, hao ni kila mwezi. Hawatagi, wanazaa vifaranga vinavyoogelea siku hiyohiyo. Nikatenga majike peke yao, nikajipongeza. Wakazaa. Nikamtazama mama watoto, akanitazama. Ndipo nikajua kwamba jike wa gapi anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi na kuendelea kuzaa mjane. Sasa nina ukoo. Nimegawa mpaka watu wakiniona nimeshika mfuko wa plastiki wanavuka barabara.

Na hao wana nafuu, maana angalau mwanzo wao naujua. Konokono je? Konokono nimewanunua lini? Walikuja wakiwa mayai, kidonge cha ute kisichoonekana, kimebandikwa chini ya jani la mmea ambao, nakumbusheni, ulikufa. Mmea nililipia, ukafa. Konokono walipanda bure, wapo. Na usiseme utamtoa mmoja mmoja mpaka waishe. Hawa wadogo wa kawaida kila mmoja ni dume na ni jike, na akikosa mwenzi anajitosheleza mwenyewe. Wapo wengine wa gamba refu lililosokotwa, hao mchana wanajifukia kwenye changarawe, majike wanazaa bila dume, na usiku ukiwasha tochi unakuta mkutano wa hadhara.

Kinachoniuma ni kwamba kuna mtu aliwatafuta kwa hiari yake. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu na majani ya Vallisneria kwenye chombo cha kioo ili mmea umpe samaki oksijeni. Majani yakaanza kuoza, maji yakachafuka. Akafikiri, akatoka, akaenda kuleta konokono wale yale yaliyooza. Wakala, na samaki nao wakala mayai ya konokono, maji yakatulia. Mzee wa watu akaandika, wanasayansi wakamsifu. Kwangu mayai hayaliwi. Samaki wangu wanasubiri punje.

Kuhusu maji yenyewe sitaki kusema mengi, nitapandisha presha. Niseme tu kwamba kabla ya kuweka samaki nilikaa na tangi la maji matupu wiki sita. Mgeni anaingia, anainama, anatafuta.

"Samaki wako wapi?"

"Bado. Nalea bakteria."

Anamgeukia mama watoto na kumpa pole kwa macho. Lakini ndiyo hali halisi. Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine ndio wanaigeuza nitrati, ambayo mimea inakula na inayobaki unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanajenga makazi kwenye chujio, na klorini ya bombani inawaua, kwa hiyo chujio unalisuuza kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Mama watoto akanikuta nafanya hivyo.

"Unaosha uchafu kwa maji machafu?"

"Ndiyo."

Hakuongeza neno. Kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kugomba.

Na kila wiki robo ya maji itoke, iingie mpya iliyotolewa klorini. Tangi la lita 100 ni kilo 25 kutoka na kilo 25 kuingia, huku nimenyonya mpira kwa mdomo ili maji yaanze kushuka, na kila mara yanawahi kufika kabla sijautoa. Ladha siwaelezei. Hizo ni kilo 100 za maji, bado kioo, mawe na changarawe, halafu asubuhi moja naambiwa, "Mume wangu, lisogeze kidogo nifagie huko nyuma." Nikacheka peke yangu.

Yale maji ya nitrati nayo yanakwenda kwenye maua yake ya barazani. Muone maua yalivyo! Majani mapana, yanang'aa, yanachanua. Maua ambayo sijayanunulia taa, mbolea wala udongo maalumu. Akipita anayapapasa na kusema mkono wake una baraka.

Sijataja vile vijani vidogo vinavyoelea, Lemna. Viliingia vitatu vinne, vimenata kwenye mmea mwingine (marehemu). Vikipata mwanga na chakula vinaongezeka maradufu kwa siku chache tu, vinafunika uso wote wa maji, na taa yangu niliyoinunua inavimulikia vyenyewe, mimea ya chini inakaa gizani. Ukizamisha mkono unatoka na vinyoya vya kijani mpaka kwenye kiwiko. Nimevikuta kwenye taulo. Nimevikuta kwenye kitasa cha mlango. Siku moja kimoja kilikuwa kwenye shavu langu nikiwa kazini, na bosi alizungumza nami mpaka mwisho bila kuniambia.

Basi juzi tukasafiri. Samaki mzima mwenye afya anakaa wiki bila kula, hana shida kabisa, hilo linajulikana. Nikamwachia shemeji ufunguo kwa ajili ya nyumba, nikamwambia wazi, "Shemeji, samaki usiwape chochote. Taa inajiwasha, inajizima. Wewe angalia tu." Akasema amenielewa. Nikarudia. Akasema, "Shemeji, mimi si mtoto."

Tumerudi, maji ni meupe, hata gogo halionekani. Samaki wote wako juu, midomo nje, wanahema. Kopo la chakula, ambalo lilikuwa limejaa, liko pale pembeni limefunikwa vizuri, halina kitu. Chakula kimeoza chini na kumaliza oksijeni, na konokono, wakubwa kwa wadogo na wadogo wa wadogo, wamepanda kwenye kioo mpaka ukingoni, wamebanana, huoni ndani.

Nikampigia nikiwa bado na begi begani.

"Shemeji, si nilikwambia usiwalishe?"

"Shemeji, walikuwa wananiangalia! Kila nikipita wanakuja mbele, wote kwa pamoja. Ningefanyaje?"

Nikakosa la kumjibu, maana nami huniangalia hivyohivyo. Nikavuta pumzi, nikashika mpira, nikaanza kutafuta ndoo. Akaniwahi kabla sijakata simu.

"Ila hongera sana, shemeji. Wale weusi wako wa kwenye kioo, naona wamezaa."