Nani aamue kugeuza usiku wa kilele Kilimanjaro?

Mwongoza watalii akimrudisha mpandaji mita 200 kabla ya Uhuru, kilele cha mlima huo, lawama hazikawii. Mgeni amelipia siku zote za hifadhi, amejiandaa kwa miezi, anajiona mzima: mwili wake, kwa nini aamuliwe na mwingine? Hoja hiyo ina uzito. Wapo pia waongozaji waliochoka wanaotaka kushuka mapema, na gizani mgeni hana namna ya kuwatambua.

Lakini tazama usiku wenyewe. Kwa njia ya Marangu watu huondoka kambi ya Horombo, kama mita 3,720, na kufika kambi ya Kibo, kama mita 4,720, siku hiyohiyo. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Hapo wamepanda maradufu, na usingizi wenyewe haupo: karibu saa sita usiku wanaanza mita nyingine 1,200 hivi hadi 5,895, ambako kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Siku ya ziada Horombo husaidia mwili kuzoea, na kila anayeweza ailipie, ila mwinuko ule wa mwisho haupungui hata mita moja.

Ubongo ukianza kuvimba huko juu, akili huvurugika mapema. Mtu anayumba, hawezi kupiga hatua za kugusisha kisigino na vidole kwenye mstari, na bado anasema "niko sawa" kwa moyo mweupe. Hadanganyi, ndivyo anavyojiona. Haki yake ya kuamua, ambayo ningeitetea pale getini, saa kumi alfajiri imekosa mwenye kuitumia.

Wanaomshuku mwongozaji wanasahau tipu. Aliyefika Uhuru hutoa kwa mkono wazi. Aliyerudishwa hushuka amenuna. Mfuko unamsukuma mwongozaji aseme "twende". Akisema "tunageuka", amesema dhidi ya riziki yake.

Kampuni zikubaliane na mgeni kabla ya kupanda: dalili zipi zikionekana anashuka bila mjadala, na tipu ipangwe mapema, afike asifike. Makubaliano hayo yatambana hata mwongozaji mvivu, maana atatakiwa kuonyesha dalili aliyoiona.