Askari na Wahudumu wa Gari la Wagonjwa: Nani Mwenye Amri Majeruhi Akiwa Bado Chini?

Ajali ikitokea usiku katika barabara ya Chake Chake kwenda Wete, kisiwani Pemba, wa kwanza kufika kwa kawaida si askari wala gari la wagonjwa. Ni wapita njia, vijana wa bodaboda na majirani waliosikia kishindo. Wale ambao kazi hiyo ndiyo ajira yao hufika baadaye, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja na lake la kutanguliza: askari anataka kujua nani kamgonga nani, mhudumu wa afya anataka kujua damu inatoka wapi. Mara nyingi kazi hizo mbili huenda sambamba bila ya mtu kunyanyua sauti. Zipo nyakati, hata hivyo, ambapo hugongana, na hapo ndipo pa kupatazama kwa utulivu badala ya kukimbilia kulaumu.

Tukio moja la Marekani liliwahi kuzungumzwa sana. Tarehe 24 Mei 2009, karibu na mji mdogo wa Paden katika jimbo la Oklahoma, askari wa barabara kuu alilisimamisha gari la wagonjwa lililokuwa na mgonjwa ndani. Madai yake yalikuwa kwamba dereva hakumpisha alipokuwa akikimbilia wito wa dharura, na kwamba alimuonesha ishara ya matusi. Mabishano yaliendelea hadi askari akamkaba shingo mhudumu aliyekuwa na dhamana ya mgonjwa yule, huku jamaa wa mgonjwa wakirekodi kwa simu. Askari aliadhibiwa kwa kusimamishwa kazi siku tano bila ya malipo, adhabu ambayo kwa maoni yangu ilikuwa ndogo. Lakini hata anayemlaumu askari yule, kama ninavyomlaumu mimi, anapaswa kukiri kwamba naye alikuwa akijibu wito, na kwamba kila mmoja pale aliamini yeye ndiye mwenye haraka zaidi.

Nianze na hoja za polisi, kwa sababu ndizo zinazosikilizwa kidogo katika mjadala huu. Askari anayefika penye ajali anakuta vioo vilivyomwagika, alama za breki kwenye lami, na vespa iliyolala upande ambao huenda sio ule iliyokuwa ikipitia. Vitu hivyo vikisogezwa kabla ya kupimwa na kuchorwa, kesi inabaki kuwa neno la huyu dhidi ya neno la yule, na anayeumia zaidi ni familia ya marehemu itakapokwenda kudai fidia ya bima ikiwa na ripoti isiyosema kitu. Kuna pia hasira za watu. Dereva aliyemgonga mtoto anaweza kuuawa mbele ya macho ya kila mtu, na wakati mwengine mahali pekee penye mlango wa kufunga ni ndani ya gari la wagonjwa. Askari akimuingiza humo kumuokoa, wahudumu wanaona nafasi ya majeruhi wao imechukuliwa na mtuhumiwa. Na ipo hoja ya tatu, nzito kuliko zote: sheria ya ushahidi huweza kuyapokea mahakamani maneno ya mtu aliyekufa kuhusu kilichomuua. Askari anayeinama kwenye machela na kuuliza “nani kakuchoma?” anaweza kuonekana hana huruma, ilhali huenda ndiye mtu pekee atakayewahi kumpatia haki aliyelala pale.

Upande wa afya hauhitaji maelezo marefu kuueleza ubaya wa kuchelewa. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Lisilosemwa sana ni kwamba mara nyengine anayetaka kwenda taratibu ni mhudumu, na anayeharakisha ni askari. Askari anataka majeruhi apandishwe nyuma ya gari na barabara ifunguliwe, kwa sababu foleni imefika mbali na watu wanazidi kujaa. Mhudumu anataka kwanza shingo ifungwe isicheze, kwa kuwa mfupa wa shingo uliovunjika ukinyanyuliwa ovyo unaweza kumuacha mtu amepooza maisha yake yote. Kwa askari ule ni uzembe, na kwa mhudumu yule askari anabeba mtu kama gunia la karafuu. Hakuna kati yao aliyefundishwa kwa kina kazi ya mwenzake, na nadhani ugomvi mwingi huanzia hapo kabla ya ubabe wa mtu binafsi.

Kwetu Zanzibar mgongano huu una sura yake maalumu, nayo ni PF3. Fomu hiyo ya polisi, ambayo sehemu yake hujazwa kituoni na sehemu nyengine na daktari, ndiyo inayounganisha jeraha na kesi. Bila ya fomu hiyo shauri la kupigwa au la ajali linadhoofika sana, na polisi wana haki ya kuililia. Tatizo ni kwamba kwa mwananchi wa kawaida fomu imegeuka kuwa tiketi ya kuingilia hospitali. Tuseme mtu amechomwa kisu Konde: ndugu wanaombeba watauliza kwanza kama wapitie kituoni au waende moja kwa moja, na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye anajua anaweza kurudishwa mlangoni, atasita naye. Viongozi wa serikali wameshatamka zaidi ya mara moja kwamba majeruhi mahututi atibiwe kwanza na fomu ifuate. Tamko, hata hivyo, halimfikii kila muuguzi wa zamu ya usiku. Fomu ndiyo inayopaswa kumfuata majeruhi hadi kitandani kwake, na hilo linawezekana, kwani limeshafanyika hapa hapa. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilichoanzishwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011 kwa ajili ya waathirika wa ukatili wa kijinsia, na baadaye vyengine vikiwemo vya Pemba, kilimuweka polisi, daktari na mshauri nasaha chini ya paa moja. Sioni kwa nini aliyegongwa na daladala astahili utaratibu mbaya zaidi.

Kikwazo kikubwa kipo juu ya vichwa vya hao wawili wanaogombana barabarani. Polisi ni jambo la Muungano tangu Hati ya Muungano ya 1964. Afya si jambo la Muungano. Kwa hivyo askari anawajibika hatimaye kwa Inspekta Jenerali na Wizara ya Mambo ya Ndani, na mhudumu wa gari la wagonjwa anawajibika kwa Wizara ya Afya ya Zanzibar. Zimamoto na KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), ambao nao huonekana kwenye uokozi wa nchi kavu na wa baharini, ni vikosi vya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hapa manahodha hao hawaepukiki kwa mujibu wa Katiba, na kinachowezekana ni kuwaandikia nani ashike nini. Baada ya kuzama kwa MV Spice Islander Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012, Zanzibar ilijijengea utaratibu wa kisheria na hatimaye Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Maafa makubwa, basi, yana wa kuyaratibu. Ajali ya bodaboda na gari la mchanga pale Kinyasini haina.

Trafiki naye ana malalamiko ya haki. Katika mpango wa m-mama, unaotumika Bara na Zanzibar kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, baadhi ya safari hufanywa na madereva wa kawaida wa mtaani. Gari hilo halina king'ora wala rangi ya kulitambulisha. Askari aliyesimama Mahonda saa nane za usiku anaona taxi inayokwenda mbio tu, na akiisimamisha hajafanya kosa lolote.

Wapo watakaosema dawa ni kuwafanya askari na wahudumu kuwa timu moja isiyobishana. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mwaka 2019 katika mji wa Aurora, jimbo la Colorado, kijana Elijah McClain alikamatwa na polisi bila ya kosa, na wahudumu wa dharura, wakiamini maelezo ya polisi kuhusu hali yake, walimchoma sindano ya ketamini, dawa ya kutuliza na kulaza mtu, kwa kipimo kilichozidi uzito wake. Alikufa siku chache baadaye, na Desemba 2023 wahudumu wawili walitiwa hatiani. Pale palihitajika mabishano. Na Pemba ina sababu yake ya kulijali hili: baada ya risasi za 27 Januari 2001, askari walipowafyatulia waandamanaji, wapo majeruhi walioiogopa hospitali kwa hofu ya kukamatwa. Gari la wagonjwa likionekana kuwa tawi la kituo cha polisi, watu hawatalipigia simu.

Ninachopendekeza ni mgawanyo: mwili wa majeruhi uwe chini ya amri ya mhudumu, na eneo liwe chini ya amri ya askari. Askari anayetaka maelezo apande garini na aulize njiani, wala asilizuie kuondoka. Mhudumu anayelazimika kusogeza kitu amuoneshe askari kilipokuwa. Kamanda wa polisi wa mkoa na mganga mkuu wa wilaya wanaweza kutia saini waraka kama huo bila ya kusubiri sheria mpya. Udhaifu wa pendekezo langu ni kwamba linachukulia kuwa ndani ya gari yumo mhudumu. Gari likija na dereva peke yake, kama ilivyo desturi ya magari mengi ya vijijini, askari hana wa kumkabidhi mwili huo, na akiamua kuamuru kila kitu mwenyewe sitakuwa na hoja ya kumzuia.