Babu, Kuku!

Najua mmeshasikia. Shoga yangu niliyesafiri naye amewatumia sauti ya dakika nne kule kwenye kundi, tatu kati ya hizo anacheka, na bado kaongeza chumvi: ati tulifukuzwa. Hatukufukuzwa. Bora tungefukuzwa.

Tulikuwa Ubud, kisiwa cha Bali, Indonesia, tumepanga chumba ndani ya makazi ya familia. Ukuta mmoja, vijumba kibao: mzee na mkewe, wana, wakwe, wajukuu, majogoo kwenye matenga ya mianzi, na kule kona ya upande wa mlimani vihekalu vya ukoo. Asubuhi ukifungua mlango unakuta kijisahani cha makuti kimewekwa chini, kina maua na chembe za wali, udi unafuka. Nilikiruka kwa adabu zangu zote. Siku ya kwanza nilikuwa na adabu, naomba hilo likumbukwe.

Shida ilianzia kwenye majina. Kule mtoto wa kwanza ni Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut, na wa tano mnaanza upya. Pale ndani Wayan walikuwa watatu. Ukiita mmoja wanageuka wote, na jirani anachungulia ukutani. Nikaona isiwe tabu, tufanye kama kwetu Tanga: mzee ni babu, mkwewe ni dada, yameisha.

Na msinilaumu, lugha yao ndiyo iliyonitia kiburi. Meza wanaita meja. Sabuni, sabun. Karatasi, kertas. Habari, kabar. Bendera ni bendera, dunia ni dunia! Mwarabu na Mreno walipopita kwetu, na kwao walipita. Nikamwambia shoga, "Kama dunia ni dunia, basi na babu ni babu."

Siku tatu, jamani. "Shikamoo Babu!" "Babu, maji!" Mzee ananiangalia, anatabasamu upande mmoja wa mdomo, maji analeta. Mimi nasema moyoni, heshima ina raha yake.

Jioni ya tatu wakawa wanapika betutu, kuku mzima anayepakwa na kujazwa viungo, akafungwa na kuachwa aive taratibu saa nyingi. Harufu ile sitaisimulia. Uwanjani kina mama wamekaa wanasuka vile visahani, mzee kavaa kikoi chake na kilemba, na pembeni mke na mume wa Kiholanzi, watu wazima, wanakunywa kahawa. Nikasema leo lazima nionje.

Hapa nendeni nami polepole, maana hapa ndipo nilipofia.

Nikasimama barazani. Nikaita kwa sauti ya mjukuu anayependwa: "Babuuu!" Mzee akainua kichwa. Nikasema, "Kuku!" Kimya. Nikaona hajaelewa, nikaongeza ishara: nikakusanya vidole vitano kama ninayemega tonge la ugali, nikamwonyesha. "Babu! Kuku!" Mama mmoja akaacha kusuka, ukuti ukabaki hewani. Mholanzi akarudisha kikombe mezani bila kunywa, akawa anasoma sakafu. Mzee akatazama vidole vyangu. Akatazama vyake. Akanyanyuka, magoti yakalia, akaingia ndani. Mimi namkonyeza shoga: kuku anakuja.

Mzee akatoka amebeba kitu kwa mikono miwili. Akanikabidhi, ameinama kidogo.

Kikata kucha.

Mjukuu wake anayejua Kiingereza ndiye aliyenifungua macho, akishindana na kicheko. Kuku kwao ni kucha. Kuku wa kuliwa ni ayam. Na babu? Babu ni mtumishi wa kike wa ndani, neno la dharau, la enzi za ukoloni wa Waholanzi kuwaita yaya zao. Ndiyo maana yule mgeni alikuwa anasoma sakafu. Yaani mimi, mtoto wa watu, nimesimama kwenye baraza la mwenye nyumba, mbele ya wakwe zake, nikampigia kelele: "We kijakazi! Kucha!" Na vidole nimemnyooshea.

Nikauliza kwa sauti ya chini, "Na dada?" Kijana akajigusa kifua. Siku tatu namwita mke wa mtu Kifua.

Yaliyofuata yalikwenda haraka: nililia, nilipiga magoti, nilifundishwa kusema Kakek, yaani babu wa kwetu, wakacheka mpaka majogoo yakawika, betutu tukala. Shoga alikula paja langu, hilo kwenye sauti yake hakulisema.

Kesho yake alfajiri nipo kitandani, nimejifunika gubigubi, nikasikia mzee anaita kutoka uwanjani, kwa madaha kabisa: "Babu! Kopi!"

Na malezi ni malezi. Kabla sijafikiri nikaitika, "Abee!" nikatoka mbio kutafuta kikombe cha kahawa.