Saa ya urithi: tuandike nyuma au tuiache tupu?

Binamu yangu aliyeko Muscat amenunua Rolex Datejust kwa ajili ya mwanawe mkubwa. Hajampa bado. Nia yake ni kumkabidhi siku ya harusi, mtoto naye aje ampe wa kwake, na saa iendelee kushuka hivyo hivyo ukooni. Ni mtu makini: amechagua ya chuma yenye ukingo laini kuzunguka kioo, kwa sababu ule ukingo wa mistarimistari ambao wengi wanaujua kwenye Datejust ni wa dhahabu nyeupe, na dhahabu, iwe nyeupe iwe ya manjano, ni haramu kwa mwanamume wa Kiislamu. Wiki iliyopita akanitumia picha ya upande wa nyuma. Mfuniko unang'aa kama sinia jipya, hauna herufi hata moja. Chini ya picha akaandika: "Dada, nichonge jina lake hapa au niiache ilivyo?"

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti. Nilipousikiliza tena nikaona nimerukia jibu, na swali lenyewe lina uzito kuliko nilivyolichukulia.

Nianze na hoja ya pesa, maana ndiyo ya kwanza kutajwa na wanaokataa. Anayenunua saa ya aina hii ikiwa imeshatumika huangalia kama kisanduku na kadi yake ya dhamana vipo, kama namba iliyo kwenye saa inalingana na ya kwenye kadi, na kama mwili wake haujasuguliwa kupita kiasi. Akiigeuza akakuta jina la mtu asiyemjua, bei inashuka, kwa sababu anajua atakayemuuzia naye hatataka kuvaa jina la mtu mwingine. Kuyafuta maandishi si kazi ya bure. Ukisugua unapunguza chuma, na mfuniko huo ndio unaozuia maji kuingia kwenye mashine. Kuna mafundi wanaoweza kujaza mchoro kwa kulehemu na leza, lakini ni wachache na wanalipisha. Kununua mfuniko mpya wa kiwandani pia si rahisi, maana kampuni kama Rolex hawauzi vipuri ovyo.

Wanaotaka kuchonga hujibu kwamba saa ya urithi haiuzwi, hivyo bei haihusu. Jibu hilo silipokei haraka. Kwetu kitu cha thamani kinachobaki nyumbani ni kumbukumbu na ni akiba pia. Bangili za bibi zimesomesha watoto. Mkufu wa mama umempeleka mgonjwa India na kumrudisha akiwa hai, na hakuna aliyemlaumu mama kwa kuuuza. Saa ya mamilioni iliyo kabatini siku mtoto anahitaji upasuaji ni fungu la pesa, na baba mwenye busara hataki kumfungia mwanawe mlango huo. Tukumbuke pia kwamba hili wazo la saa isiyouzwa limepigiwa debe sana na wauza saa wenyewe. Patek Philippe walianza mwaka 1996 matangazo yanayosema kwamba humiliki saa yao, unaitunzia tu kizazi kijacho. Ni maneno mazuri. Ni ya muuzaji vilevile.

Hapo ndipo hutajwa saa ya Paul Newman, mwigizaji wa filamu wa Marekani, kama ushahidi kwamba maandishi huongeza thamani. Ni Rolex Daytona aliyonunuliwa na mkewe, Joanne Woodward, Newman alipokuwa ameingia kwenye mashindano ya magari. Mwaka 1984 akampa James Cox, kijana aliyekuwa mchumba wa binti yake Nell. Oktoba 2017 ikauzwa kwenye mnada wa Phillips, New York, kwa dola 17,752,500. Rolex GMT-Master ya Marlon Brando, mwigizaji mwenzake, ambayo alijichongea mwenyewe nyuma "M. Brando" kwa mwandiko wa mkono, alipewa binti yake Petra mwaka 1995, na Desemba 2019 ikauzwa kwa dola 1,952,000. Watu wa Oman wana mfano wao: saa alizoagiza Sultan Qaboos kupitia duka la Asprey la London ili azitoe zawadi, nyingine zikiwa na nembo ya jambia usoni, nyingine mgongoni. Leo wakusanyaji wanazigombea kwa bei iliyo mbali sana na ya saa kama hizo zisizo na nembo.

Lakini mifano hii haimsaidii binamu yangu kwa upande wa bei. Kilichonunuliwa pale ni Newman, ni Brando, ni Sultan. Jina la mwanawe, Mungu amjalie, halijafika huko. Kinachonivutia kwenye saa ya Newman ni maneno aliyoyachagua mkewe: "Drive carefully. Me." Endesha kwa uangalifu. Mimi. Hakuna jina la mpokeaji, hakuna jina la mtoaji, hakuna tarehe. Mwanamke yeyote wa pwani atalielewa andiko hilo mara moja, kwa sababu ni kama jina la khanga, ule msemo unaoandikwa juu yake. Khanga haitaji mtu. Anayeitoa anajua anamwambia nani, anayeipokea anajua ameambiwa na nani, na anayepita njiani anasoma maneno tu. Ndiyo maana saa ile iliweza kutoka kwa mume kwenda kwa mchumba wa binti bila maandishi yake kumkana aliyeivaa.

Wala kuandika nyuma ya saa si uharibifu, kama wakusanyaji wengine wanavyotaka tuamini. Jaeger-LeCoultre walitoa Reverso mwaka 1931 kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliocheza polo India na kuvunja vioo vya saa zao. Uso wa saa unageuzwa ukatazama mkono, na nje unabaki mgongo wa chuma. Mgongo huo mtupu ukawa mahali pa kuchonga herufi za majina, nembo za familia na salamu, na hadi leo watu huinunua saa hiyo kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye upande unaonigusa mimi. Marehemu baba alikuwa fundi mitambo melini. Aliacha Omega ya chuma, uso wake umebadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa. Siku ya kuanua tanga vitu vyake viliwekwa kwenye sinia: kofia mbili, tasbihi, miwani, redio ndogo, na ile saa. Amu akavaa miwani ya marehemu, maana ya kwake aliisahau nyumbani, akaigeuza saa karibu na dirisha. Akaifuta kwa kidole gumba. Akaigeuza upande, akaisogeza kwenye mwanga, akaifuta tena. Hapakuwa na kitu ila mikwaruzo. "Hii aliinunua Aden," akasema. Shangazi akakataa, akasema alipewa na nahodha Mgiriki aliyetengenezewa pampu usiku wa dhoruba. Kaka akasema yeye aliambiwa na baba mwenyewe kwamba ilinunuliwa Mombasa mwaka aliozaliwa dada yetu mkubwa. Wote watatu walikuwa na hakika. Mama, ambaye labda angejua, alikuwa ametangulia.

Kaka ndiye anayo, kwa makubaliano, na anaitunza vizuri. Ila mpaka leo tukikutana sikukuu mtu huigeuza, kana kwamba mara hii kutakuwa na neno. Mstari mmoja tu, "Aden" na mwaka, ungetutosha. Anayesema saa tupu ni safi, na kwamba hadithi itasimuliwa kwa mdomo, hajakaa kwenye msiba ambao mdomo wenyewe ndio umezikwa.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuandika. Ninachokipinga ni kile hasa alichotaka binamu yangu: jina la mtoto, sasa, kabla hajakabidhiwa.

Sababu ya kwanza ni ya mirathi. Waislamu tunajua kwamba hapana wasia kwa mrithi. Huwezi kumtengea mwanao mmoja kitu baada ya kufa kwako nje ya fungu lake, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Unachoweza ni kumpa ukiwa hai, na kwa wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi wa pwani yetu, zawadi hutimia pale mpokeaji anapoitia mkononi. Saa iliyoko kwenye kabati la baba ikiwa na jina la mtoto mgongoni bado ni ya baba. Baba akifariki kabla ya harusi, Mungu apishie mbali, itaingia kwenye mali ya warithi wote, na jina lile litakuwa chanzo cha maneno. Mwenye jina atasema, "Mnaona, baba alinipa." Dada zake watauliza kama alimkabidhi. Ndugu wanaweza kununiana miaka kwa herufi sita. Walio nje ya sheria hii nao hawajasalimika: mahali wazee wa ukoo wanapogawa vitu vya marehemu, jina lililochongwa litawafunga mikono wazee ambao wangeweza kuamua kwa hekima.

Ya pili ni kwamba jina la mpokeaji wa kwanza linawageuza wote wanaomfuata kuwa wageni kwenye saa yao wenyewe. Mwana huyo akizaa mabinti tu, na saa ikaenda kwa mtoto wa ndugu yake, mtoto huyo atavaa "Kwa mwanangu fulani" maisha yake yote, na fulani ni baba yake mkubwa. Tarehe ya harusi nayo siipendi. Ndoa huvunjika bila mtu kuwa mbaya, na mke wa pili hana kosa lolote la kuiona tarehe ya mke wa kwanza kila saa inapowekwa mezani.

Jina la mtoaji halina shida hizo. Babu anabaki babu wa wote, wa kiumeni na wa kikeni. Nimekuwa nikiikumbuka pete ya Mtume Muhammad (S.A.W.), iliyokuwa ya fedha na kuchongwa "Muhammad Rasulullah" kwa mistari mitatu, naye akiitumia kupigia muhuri barua zake. Baada yake ilivaliwa na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ikaanguka katika kisima cha Aris kule Madina, ikatafutwa na isionekane tena. Ilikuwa muhuri wa uongozi, haikuwa mali ya mirathi, wala siilinganishi na saa ya mtu. Natazama tu kwamba maandishi yake yalikuwa ya aliyetangulia, na waliokuja baada yake waliivaa hivyo hivyo kwa heshima.

Akikubali kuchonga, mengine ni ya fundi, na hapo nina maneno machache. Mfuniko ufunguliwe na fundi saa kwanza, upelekwe kwa mchongaji peke yake, mashine ibaki imefunikwa dukani. Unaporudishwa, mpira wa kuzuia maji ubadilishwe na saa ipimwe. Aulize kwanza kama dhamana ya kiwanda itakufa, maana kampuni nyingi hazitaki mkono wa nje. Kati ya leza na patasi ya mkono ningechagua mkono. Leza ni nadhifu, lakini mara nyingi alama yake haina kina, na miaka ya jasho na kusuguliwa na nguo huila. Saa yenye mgongo wa kioo asiiguse. Saa ya zamani ambayo mgongo wake haujawahi kuguswa asiiguse pia. Aliyeinunua kwa umri wake asianze kuiandikia umri mpya. Na maneno yaandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mchongaji asome kwa sauti mbele yake. Rafiki yangu aliagiza kwa simu "Kwa dua za Mama", akaletewa "Kwa dawa za Mama". Fundi aliomba radhi sana. Chuma hakikubali radhi, na mama mwenyewe, aliyekuwa mgonjwa kweli, aliisoma kabla hawajawahi kuificha.

Kuna wanaoshauri barua ndani ya kisanduku badala ya kuchonga. Barua naipenda, na nimemwambia aiandike, kurasa hata mbili: aliinunua wapi, alikuwa anafanya kazi gani, kwa nini saa na siyo kiwanja. Lakini visanduku hubaki kwenye nyumba ya kupanga, mchwa hawachagui, na saa hutembea peke yake. Barua ibebe hadithi. Mgongo wa saa ubebe neno moja la kuianzia.

Nikamwambia hivi basi: jina lako wewe na la baba yako, neno "Muscat", na mwaka wa Hijria utakaoikabidhi. Vichongwe siku chache kabla ya kumvisha, visichongwe leo. Akauliza, "Na jina lake yeye?" Nikamwambia hilo ni la mwenyewe kuamua, siku yake ya kuiachia ikifika.

Jana usiku amenitumia picha nyingine. Amekata karatasi duara, saizi ya mfuniko, akaandika kwa penseli yale maneno, madogo, yakizunguka ukingoni kama maandishi ya sarafu. Katikati ameacha peupe.